Sale la Mama Yake Bibi

Nikisikia harufu ya majani mabichi ya ng'ombe yakichanganyika na moshi wa kuni, narudi Kirua Vunjo, kule mlimani, nina miaka kumi, nyumbani kwa Bibi. Baba alishafariki, na mama alishuka Chekereni kulima mpunga maana kahawa ilikuwa hailishi mtu tena. Mitumba ilianza kujaa sokoni, watu wakachangamka. Kwetu tulibaki wawili na ng'ombe. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza, nami nimerithi. Ila jioni alinipa hadithi, na moja aliniamuru niifunge mdomoni. Mama yake hakuzaliwa mlimani. Aliletwa na msafara wa watumwa akiwa mtoto, kamba shingoni, mguu umevimba, wakamwacha kwa kubadilishana na mbuzi. Alipokufa alizikwa pembeni mwa migomba bila sale. Sale ni ule mmea tunaoupanda makaburini na mipakani, na jani lake ndilo la kuombea msamaha, ukiletewa, hukatai. Yeye hakupandiwa, kwa kuwa hakuhesabiwa mtu wa ukoo. Bibi aliogopa wanawake wenzake wasije wakamwita binti wa kamba.

Ndipo akaja Shangazi Manka, binti yake Bibi, mwalimu wa historia chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za watumwa na za watu waliopigania utumwa ukomeshwe. Alizunguka vijijini na redio ya kunasia sauti, na kila mzee alimwambia, "Watumwa? Hao walikuwa ng'ambo ya mto." Akivuka mto, wanamrudisha huku. Akamwuliza Bibi. "Nilikupeleka shule ukasome ya watu," Bibi akamjibu, "siyo uje kunifukua mimi." Kesho yake Shangazi alinikuta nakata majani, akaketi chini na gauni lake zuri. "Na wewe, mama, unajua nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza najua nini. Nilisema yote.

Jioni ile Shangazi alikwenda pembeni mwa migomba akapiga magoti. Bibi alimwona, kisha akanigeukia mimi. Hakunipiga. Shangazi aliondoka na daftari lake, na Bibi akaacha kusema nami. Heri fimbo. Nilikula, nikachota maji, nikalala, bila neno.

Jumapili moja nikaenda kumtafutia sale. Utoto ni ujinga: badala ya kuchuma jani moja, niling'oa mche mzima na mizizi yake, nikamwekea mapajani. "Msamaha ni jani," akasema, "wewe umeniletea mti." Akachukua jembe, akaenda kuupanda pale alipolala mama yake, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Jirani akasimama. "Mama, unapanda sale hapo, kuna mpaka?" Bibi hakuinua kichwa. "Kuna mama yangu."

Alinisamehe, kwa kuwa sale halikataliwi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa: hadithi hakunipa tena mpaka tulipomzika.

Shangazi aliandika vitabu, akaitwa nchi za mbali kuvisemea, akazeeka na heshima zake. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu alinisomea ukurasa mmoja wa kitabu chake, tumo, "bibi mmoja wa mlimani na mtoto." Sawa. Sale lile sasa ni kichaka, nalipalilia mimi. Wajukuu hupiga simu wakisema shikamoo, wakiniuliza dawa nimemeza, mvua imenyesha. Kisha wanakata. Moto nauwasha bado, na ninajua mengi. Akija mtu akaketi chini akaniuliza, nitasema.