Mwamba wa Zena, Mwamba wa Mwinjuma

Zena Kibwana wa Mbwera alikuwa mvuvi wa pweza. Hakuna kilichomchosha maishani kama kuambiwa kwamba alichokiona kwa macho yake hakipo, tena na watu wasiofika pale anaposimama.

Kila bamvua, bahari ilipokupwa sana, yeye na mumewe Mwinjuma walitoka mikokoni kwa ngarawa na kupiga dago, kambi ya wavuvi ya siku chache, kwenye kisiwa cha mchanga kando ya mwamba wa Fungu Chaza. Zena alitembea juu ya mwamba na viatu vya raba, akichokoa mashimo kwa nondo iliyochongwa ncha. Mwinjuma alipita hadi ukingoni, akavaa miwani na kuzama kutafuta kamba koche, wale wakubwa wa miambani. Mwamba ulikuwa mmoja, lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kwenda upande wa mwenzake.

Zamani pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani tu. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wakaanza kuja na masanduku ya barafu, na Zena akawa anauza kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mumewe. Mnunuzi wao aliitwa Bushiri.

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino kulaza mpunga na kukata barabara ya Kibiti, jua liliwaka na bahari ikatulia tuli. Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi vya mwamba yalichoma vifundo vya miguu. Zena akaona matumbawe yamepoteza rangi, meupe kama yamepakwa chokaa. Bamvua iliyofuata yalikuwa yameota mwani mchafu mithili ya ndevu, na mashimo yalikuwa matupu.

Alimweleza Bushiri kwamba mwamba umekufa. Bushiri akamgeukia Mwinjuma kutaka uhakika. Mwinjuma, ambaye kapu lake lilikuwa na kamba wa kutosha, alijibu bila ubaya wowote kwamba mwamba ni mzima, yeye ametoka huko sasa hivi. Basi Bushiri akaamini kwamba Zena amepata mnunuzi mwingine na anamficha.

Kilichomuudhi zaidi Zena ni ule upole wa mumewe walipofika nyumbani.

"Mama Abdala, labda ni uchovu," alisema Mwinjuma.

"Miguu imechoka, Baba Abdala. Macho hayajachoka."

Afisa wa uvuvi alipopita Mbwera, Zena alimuuliza. Yule bwana alieleza vizuri: ndani ya matumbawe mnaishi vijimea vidogo mno vinavyoyalisha na kuyapa rangi, na joto likizidi vinatoka. Maji yakipoa mapema vinarudi, yakichelewa matumbawe yanakufa kwa njaa. Akasema bahari nyingi zimepatwa na hilo mwaka ule. Zena akauliza hapa yatarudi lini. Afisa akasema kwa kweli hajui. Zena akashukuru, akaondoka amekunja uso.

Bamvua iliyofuata alimzuia mumewe asiingie majini. Alimpa viatu vyake vya zamani, akamtembeza juu ya mwamba tangu mchangani hadi ukingoni. Matawi ya matumbawe yalivunjika chini ya miguu ya Mwinjuma kama vigae. Mwisho akasema, "Kumbe huku pamekufa."

"Huku ndiko ninakovulia mimi," alijibu Zena. "Nimekwambia tangu masika."

Mwinjuma naye akamwomba apande ngarawa. Zena hakujua kuzamia, hivyo alishika ubavu wa chombo, akavaa miwani ya mumewe na kutumbukiza uso. Juu kulikuwa kweupe. Chini kidogo rangi ilikuwa imefifia, manjano ya ugonjwa. Chini zaidi, ambako jua lilifika limechoka na maji yalikuwa baridi, matumbawe yalitandaa kama sinia, ya kahawia na zambarau, samaki wakiingia na kutoka.

Mwinjuma alitarajia mkewe afurahi. Zena aliinua kichwa, maji yakimchuruzika, akamrudishia miwani kwa hasira.

"Uzima upo," alisema, "lakini ni wa mwenye mapafu kama yako. Sisi wanawake tutaufikiaje?"

Jioni ile Mwinjuma alikwenda mwenyewe kwa Bushiri na kumwambia kwamba Zena hakudanganya. Bushiri alikubali, ila pweza bado hawakuwepo.

Mwaka uliofuata, waliokosa riziki juu ya mwamba walijifunza kuzamia, vijana kwa watu wazima, wakajazana ukingoni mwa Mwinjuma. Kamba wakapungua. Sasa akawa yeye anayerudi na kapu jepesi.

Zena alihamia mwamba mdogo karibu na mdomo wa mto, uliodharauliwa na kila mtu kwa sababu ya maji yake ya tope. Tope lile lilikuwa limeyakinga matumbawe na jua kali, na mengi yalikuwa hai. Pweza walikuwa wadogo, na kila siku alirudi na matope hadi magotini, akilalamika tangu bandarini hadi mlangoni.

Miaka mitatu baada ya joto lile, Fungu Chaza lilianza kuota matumbawe machanga, madogo kama vifungo vya shati. Wavuvi waliyakanyaga bila kuyaona. Zena aliwafokea waziwazi, akaomba kamati ya kijiji ilifunge fungu kwa muda ili yakue. Kamati ilisema italizungumza. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, na Zena akaendelea kwenda kukaa barazani kwa mwenyekiti wa kamati kila Ijumaa baada ya swala, kumkumbusha.