Leseni Iliyolala Isecheno

Niliondoka Kakamega mjini Jumatano asubuhi kwa sababu ya mstari mmoja kwenye orodha. Shirika letu la kutunza misitu lina leseni za programu ya kuchora ramani, na mimi, mhitimu mwenye miezi minne kazini, niliagizwa kufuta zile ambazo hazijafunguliwa kwa siku tisini. Zilikuwa saba, na moja ilikuwa ya Mama Shitemi wa kituo cha Isecheno. "Futa tu," mkuu wangu alisema, "saa kumi iwe tayari." Je, kama anaumwa? Je, kama nimekosea kuhesabu? Nikaomba ruhusa nikamwone.

Shinyalu, saa tatu. Mvua ilikuwa imenyesha, na pikipiki ilitambaa kati ya mahindi na majani chai. "Mbona umenuna?" dereva aliuliza. "Unaenda kushtaki mtu?" Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama huyo. Nilishayabadilisha mara tano.

Isecheno, saa nne na nusu. Mama Shitemi, amevaa gambuti zenye matope, alinipa chai kabla sijasema neno. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Situmii? Mimi? Kijana, hii kitu natumianga kila siku!"

Alifungua kompyuta pekee ya kituo. Juu ya ramani palikuwa na jina la Lubanga, mwenzake aliyeacha kazi kwa ugonjwa.

"Alienda bila kuaga. Hapa mtu hatumtoi kabla hajaaga. Tuliacha jina yake, tukaendelea."

Kwenye orodha yangu Lubanga ndiye aliyetumia programu kuliko wote, na leseni yake ingefungwa mwisho wa mwezi kwa kuwa ameondoka. Ningefuta ya mama leo, kisha hiyo nayo ifungwe, na ramani za Mama za miaka mitatu zisingefunguka tena.

"Basi tumpigie, aage," nikasema.

Lubanga alipokea simu akiwa shambani kwake. "Kumbe bado niko kazini na hamniambii!"

Mama alicheka, kisha sauti ikashuka. "Tunataka kutoa jina yako."

"Toa, Mama. Nimepona, lakini sirudi. Asanteni kwa kunishikia nafasi."

Mama alijipangusa macho kwa leso, akanisogezea kiti. Tulihamisha ramani kwenye jina la Mama, moja baada ya nyingine, hadi saa nane.

Khayega, saa tisa, njiani kurudi. Nilimpigia mkuu simu niliyoiahirisha tangu Isecheno. Nilimwambia orodha inajua jina lililofunguliwa. Aliyeketi mbele ya kompyuta haimjui. Akaniuliza:

"Na wale sita waliobaki, umewauliza?"

Nilimwomba dereva asimame kando ya barabara, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja.