Ndege ya Jeshi Juu ya Kabati

Ndege ile niliinunua sokoni hapa Kambarage, kwenye rundo la midoli ya mitumba. Ilikuwa mfano mdogo wa ndege ya zamani ya jeshi ya kubebea askari na mizigo, ya chuma, nzito kuliko ilivyoonekana, rangi ya kijani imebabuka mabawani. Mlango wake wa nyuma ulifunguka na kufungwa. Nilimnunulia mama. Ujanani alikuwa muuguzi jeshini, nikadhani atafurahi.

Aliishika, akaubonyeza ule mlango kwa kidole gumba, akauliza nimeipata wapi. Basi. Tangu siku hiyo nyumba ikakosa utulivu. Aliiweka juu ya kabati, akaihamishia dirishani, akairudisha. Alianza kuchambua mchele akauacha, akatoka uani, akarudi bila kujua alichofuata. Nami nikawa kama yeye: nafungua saluni yangu, kabla ya mchana nimeshafunga nikamwangalie.

Mwishowe akasimulia. Wakati wa vita walipakiwa kwenye ndege ya namna ile, wakakaa sakafuni katikati ya masanduku ya dawa, bila dirisha la kuchungulia. Muuguzi mwenzake aliyekaa ubavuni mwake alilia njia nzima. Walipotua wakagawanywa, hawakuonana tena. Alisikia tu kwamba mwenzake aliolewa Buseresere.

"Nataka nijue kama ule woga ulimwisha," alisema.

Tulipanda basi hadi Geita, tukaunganisha jingine. Njiani mama alifungua kioo, akakifunga, akapekua mkoba akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Pale Buseresere wanawake wa sokoni walituelekeza kwa muuguzi mstaafu. Tulimkuta akianika michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, kwenye turubai. Nikamwamkia. Aliitikia huku akimkazia macho mama, kisha wakakumbatiana kwa muda mrefu.

Mama alipoitoa ile ndege mkobani na kuuliza juu ya kile kilio, mwenyeji wetu alishangaa.

"Dada, aliyelia ni wewe. Ulinishika mkono mpaka kucha zikaniingia."

Nilitegemea mama abishe. Alikaa ukingoni mwa turubai.

"Nililia sana?"

"Sana. Mimi nikajifanya nimelala, usije ukaona aibu."

Mama alianza kugeuza vile viazi, kimoja kimoja, na jioni akaniambia atabaki hapo kwa muda.

Nilirudi peke yangu, na kiti cha basi hakikunikalisha. Nilikuwa nikijiuliza ni mangapi ya watu wengine aliyonisimulia ambayo yalikuwa yake mwenyewe. Yule jirani wa hadithi zake, kwa mfano, aliyefunga mizigo amkimbie mumewe wakati mimi nanyonya.

Nilipofika stendi ya Geita nikampigia mama simu nimuulize. Akapokea, nikasikia watu wa pale wanacheka nyuma yake. Nikamwambia tu nimefika Geita salama.