Kidaka Kina Kosa Gani

Gharib, mkwezi wa Kizimkazi, alianguka kutoka mnazini mwaka 1969. Miezi miwili alilala juu ya kitanda cha kamba ukumbini, paja limefungwa banzi, akiitafuta dhambi yake. Hatimaye akaipata: alimpeleka bintiye, Tabia, kusoma skuli ya mjini. Likizo ilikuwa inakwisha. Akaamua kuwa mtoto hatorudi.

"Nazi haianguki bila ya amri," alimwambia. "Na mimi sikuanguka bure. Nimeonywa."

Kamba ya miguuni aliyopewa na msimamizi wa shamba ilikuwa imeoza, wakwezi wote wakijua, wala hakuna aliyethubutu kusema. Ndivyo tulivyo: uzembe wa mtu tunauita kudra, kisha tunamsingizia Mungu.

Tabia alikipindua kinu, akapanda juu yake, mkono mmoja nazi pevu, mwengine kidaka, kinazi kichanga kilichopukutika kabla ya wakati wake.

"Mtoto wa mkwezi, shuka," alisema mamaye, Bi Sichana, huku akipeta mchele. "Mguu mmoja wa kuvunjika unaitosha nyumba hii."

"Baba, kipi kitatangulia kufika chini?"

"Hiyo kubwa. Miaka thelathini nnaangusha nazi, utanifunza wewe?"

Akaviachia pamoja. Vikagusa ardhi kwa kishindo kimoja. Gharib akamtaka arudie, akarudia mara tatu. Miaka yote hiyo alikuwa akikata huku jicho liko kwenye kole la nazi linalofuata; hakuwahi kutazama chini.

"Kanuni ni moja kwa vyote," alisema Tabia. "Kidaka kina kosa gani, baba, hata kiadhibiwe?"

Gharib akauliza: "Na aliyeiweka kanuni hiyo, aliiweka kwa kusudi gani?"

"Sijui. Mwalimu hutufundisha vinaanguka vipi. Kwa nini, hajatwambia. Mimi naona, ingekuwa inabadilika kila siku, usingethubutu kupanda hata mnazi mmoja. Huenda huruma yenyewe ndiyo hiyo. Lakini sijui."

Gharib alilipenda lile "sijui". Tangu aanguke, kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa anajua sababu.

"Sichana," aliita.

"Naam."

"Mfungie mtoto nguo zake. Gari ya mjini inapita asubuhi." Kisha akamgeukia bintiye, akamshika mkono. "Ukawaulize walimu wako hiyo kwa nini. Wakikwambia hawajui, kaa uisome wewe."