Mtani wa Castory Alipopewa Kiti

Castory alizikwa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na nusura azikwe kimya.

Alizaliwa katika kambi ya mkonge, mtoto wa Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata majani. Aliingia jeshini akiwa kijana, akaumia goti la kushoto katika vita vya Kagera, akarudi akichechemea. Alipostaafu alilima mihogo, lakini nyumba aliiendesha kama kambi. Alfajiri aligonga bakuli la bati kwa kijiko, watoto wakapanga mstari uani, akawakagua kucha. Mwenye kucha chafu alikimbia hadi kwenye mnazi wa jirani na kurudi. Jioni mzee huyohuyo aliwabeba mgongoni kwa zamu, akiimba nyimbo za kuruta na kuruka beti zisizomfaa mama yao kusikia.

Uweso, Mzigua wa ng'ambo ya mto Pangani, alikuwa naye kikosi kimoja. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili hawakuwahi kuamkiana kwa adabu.

"Mnyamwezi, bado unamaliza hewa yetu?"

"Nasubiri kukuzika, Mzigua. Nimeshaona shimo la kukutupa."

Siku ya maziko, Bertha, binti mkubwa aliyekuja kutoka Dodoma, alimpokea Uweso kwa shikamoo, akampa kiti cha mbele, karibu na katekista. "Baba, leo tusifanye mzaha," alimwomba.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Uweso, akaketi, mikono magotini.

Ndani, mjane Elizabeti alikuwa mkekani, akisikiliza ukimya wa nje.

"Uweso hajafika?" alimuuliza Bertha alipoingia.

"Amefika, mama. Nimempa kiti."

"Kiti?" Elizabeti alimtazama bintiye. "Mtani hapewi kiti msibani. Hapo umemfukuza. Baba yako azikwe kama maiti ya kuokotwa, hana hata wa kumtukana?"

Bertha alichukua buti za baba yake na lile bakuli la bati, akatoka, akasimama mbele ya Uweso.

"Wewe Mzigua," alisema, "umekuja kuzika au umefuata pilau? Ondoka kwenye kiti cha watu."

Uweso alimwangalia kwa makini. "Kumbe ni mtoto wa Castory kweli. Nilidhani alikuokota stendi."

Akampokonya buti na bakuli, akazivaa buti. Akazunguka uani akichechemea kwa mguu uleule wa kushoto, akigonga bakuli, mpaka kwenye jeneza. "Mnyamwezi, jua lote hili bado umelala? Toka ukaguliwe."

Kicheko kilianzia ndani, kwa wanawake, na sauti ya Elizabeti ilikuwemo.

Uweso alipita mbele ya watoto wa marehemu, watu wazima sasa, waliokwisha kujipanga bila kuambiwa. Alisimama kwa Bertha.

"Kucha."

Bertha alinyoosha mikono. Zilikuwa na rangi nyekundu.

"Uchafu gani huu? Mnazini."

Mnazi ulishakatwa zamani. Bertha alivua viatu, akakimbia hadi kwenye kisiki, akarudi akihema na machozi yakimtoka. Uweso akamwachia nafasi mstarini. Ndipo jeneza likainuliwa.