Chai Iliyolipita Lori

Jumatatu, dukani ninakochapisha picha hapa Nyamache, mama mmoja aliingia akininyooshea simu yake, vidole vingali vyeusi kwa utomvu wa chai. Jirani alikuwa amemtumia picha ya mwanawe, dereva, amelala kando ya lori lililopinduka katika shamba la chai. Simu ya kijana haikupatikana.

"Ikuze, binti. Nione kama kuna damu."

Nikaikuza. Akainama, kisha akashusha pumzi.

"Chai imelipita lori kwa urefu! Nani huku huacha kuchuma hivi? Yetu haipiti kiuno; picha hii ni ya uongo!"

Punde mwanawe akapiga simu, naye akamuuliza kuhusu picha. "Mama, hiyo ni picha ya gemu ya simu! Niliiambia akili mnemba inibandike humo tu."

"Iambie ijifunze kuchuma!" akafoka huku akilia na kucheka.

Tangu niache shule, nimekuwa nikidhani akili zote zilibaki darasani. Jumatatu niliziona zikitoka shambani.