Radi ya Juni na Mnara wa Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuvuka barabara hapa Kayole kununua mkate kwangu ni safari. Lakini kila asubuhi, shuka mabegani, nafika Marsabit kwa simu: nasoma vipimo vya puto la hali ya hewa, lile linalorushwa kupima joto, unyevu na upepo wa huko juu. Fizikia ya kidato cha nne nilipata D. Majirani huniita Waziri wa Mawingu.

Uwaziri huo nilijipa mdogo wangu alipoajiriwa kukarabati minara ya simu huko kaskazini.

Juni moja, masika ikiwa imeshaisha, vipimo vilinitisha: chini unyevu tele, juu baridi kali. Hewa ya namna hiyo huzaa radi. Nikampigia.

"Brathe, leo usipande."

"Niaje, Waziri! Huku jua linachoma hadi mbuzi."

"Usipande, nimesema!"

"Mkubwa wetu wa kazi anasema mvua ziliisha. Hata ule waya wa kupeleka radi ardhini ameutoa, akaufunga kwenye mnara mwingine. Ataurudisha Oktoba, mvua zikirudi."

Waya wa kumkinga mtu umepewa likizo kama mwanafunzi! Nikampigia huyo mkubwa.

"Wewe ni mtaalamu wa hali ya hewa?"

"Mimi ni kaka yake."

"Basi endelea na ukaka." Akakata.

Ikabidi niite mama, ambaye bado ninaishi kwake na umri huu wote. Mama akisikia ngurumo hufunika vioo vyote kwa leso, na runinga pia. Habari za puto hakuzitaka. Alichukua simu, akampigia mdogo wangu, akasema, "Ukiweka mguu kwenye hicho chuma, mimi si mamako."

Hakupanda.

Mchana simu ya mdogo wangu ikawa haipatikani. Mama aliingia jikoni kupika. Mimi nilimtukana mkubwa hadi koo likakauka. Jioni mdogo wangu akapiga kutoka mji wa jirani. Radi ilikuwa imepiga mnara na kuzima mtandao, yeye na wenzake wakiwa ndani ya gari.

"Mkubwa amekupa pole?" nikauliza.

"Ameuliza kama mitambo imeungua. Anataka nipande kesho niangalie."

"Ukamwambia nini?"

"Alete waya kwanza, ama apande mwenyewe."

"Na kazi je?"

"Kwani nimebaki nayo?"

Mama akaninyang'anya simu, akamwambia arudi nyumbani, chakula kipo. Mimi nilikuwa bado natafuta tusi la kumtosha yule mkubwa.